Pikapu ya Dizeli Imelegea: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Chipu

Mwenye pikapu akilalamika kwamba gari lake halipandi tena Mazeras kama zamani, ushauri wa kwanza atakaopewa Mombasa ni aweke chipu, yaani kifaa au programu ya kuifanya injini ipewe mafuta zaidi. Wa pili ni abadilishe tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini. Wa tatu, ukifika, ni aangalie mafuta anayotia. Mimi ningeupindua mpangilio huo. Injini ya dizeli iliyopungukiwa nguvu huwa imezuiwa mahali fulani, na kizuizi hicho mara nyingi kiko kwenye mafuta au kwenye hewa. Ukiongeza chipu kabla ya kukiondoa, umeagiza mafuta zaidi yaingie kwenye injini ambayo tayari haiwezi kuyachoma yaliyopo. Kinachoweza kufuata ni pistoni kuyeyuka.

Kwanza jua injini yako ni ya ukoo gani. Ziko za pampu ya kizamani, kama 4JA1 ya Isuzu na 5L ya Toyota, ambazo fundi anaweza kuzirekebisha kwa spana na sikio. Na ziko za komoni reli, yaani zenye bomba moja la pamoja (reli) linaloweka mafuta kwa presha kubwa, kama 4JJ1 ya D-Max na 1KD au 1GD za Hilux, ambazo kompyuta ndiyo inayoamua kila tone liingie lini. Dalili moja inaweza kuwa na maana mbili tofauti kwa koo hizi mbili.

Kabla ya kufungua boneti

Pikapu nyingi za kebini moja zimeundwa kubeba kama tani moja. Ukipakia mawe ya tani mbili na kuongeza majani ya springi ili nyuma isilale, injini haina hatia. Springi zimeongezeka, lakini klachi, breki na rejeta ni zile zile.

Angalia matairi. Aliyetoa 265/70R16 akaweka 285/75R16 ameongeza kipenyo kwa karibu asilimia 7, na nguvu ya kusukuma gari barabarani imepungua kwa kiasi kama hicho katika kila gia. Gari halijaharibika, limebadilishiwa hesabu tu.

Halafu breki. Chumvi ya Pwani hugandisha pini za kalipa, na pikapu zinazobeba samaki ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi hudondokea chasisi safari nzima. Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki ya gurudumu hilo inashika hata usipoikanyaga.

Haina nguvu, na moshi hautoki

Hii ndiyo dalili inayouza chipu nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyohitaji chipu kabisa. Gari linawaka vizuri, mjini linatembea, lakini ukilikanyaga mlimani linafika mahali linakataa. Pengine taa ya injini inawaka, unazima na kuwasha, linapona kwa dakika chache kisha linarudia.

Kukosekana kwa moshi ni habari kubwa. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuyachoma. Injini isiyo na nguvu na isiyo na moshi kwa kawaida haipati mafuta ya kutosha, au kompyuta imeyabana kwa makusudi ili kuilinda.

Anza na filta ya dizeli. Legeza kizibo cha chini, kinga mafuta kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie kwa saa nzima. Maji yatakaa chini. Ukiona uteute wa kahawia au mweusi kati ya maji na dizeli, hao ni bakteria na kuvu, ambao huishi pale maji na mafuta yanapokutana. Joto na unyevunyevu wa Mombasa unawafaa sana, hasa kwa pikapu inayolala siku nyingi na tangi nusu. Hewa yenye unyevu huingia tangini, usiku ukuta wa tangi hupoa, na maji hutona ndani. Kubadilisha filta peke yake hakutoshi hapo. Tangi lishushwe, lioshwe, litiwe dawa ya kuua vijidudu, na filta mpya ibadilishwe tena baada ya wiki chache, kwa sababu mabaki ya vijidudu waliokufa huendelea kuiziba.

Chupa ikitoka safi, fanya jaribio la jerikeni. Funga jerikeni yenye dizeli safi kwa uimara, mbali na tabo na ekzosi, unganisha mpira wake moja kwa moja na mdomo wa kuingilia wa filta, kisha upande mlima ule ule. Likipanda vizuri, kosa liko kati ya tangi na filta, ama wavu wa ndani ya tangi umeziba, ama paipu inaingiza hewa. Wengi hudanganyika kwenye suala la hewa kwa sababu hawaoni mafuta yakidondoka. Katika pikapu hizi nyingi dizeli hufyonzwa na pampu kutoka tangini, kwa hiyo tundu dogo kwenye paipu huvuta hewa ndani badala ya kuvujisha mafuta nje. Weka kipande cha mpira unaopenya mwanga karibu na filta, washa, utazame. Viputo vikipita mfululizo, fuata paipu hadi uone kutu ilipoila, na mara nyingi utaiona kwenye vishikizo vya chasisi ambako matope ya chumvi hukwama.

Jerikeni isiposaidia na injini ni ya komoni reli, sasa ndipo mashine ya kusoma kompyuta inapohitajika. Kodi ya kosa P0087 inasema presha ya reli iko chini kuliko ilivyoombwa. Washukiwa ni watatu: vali ndogo inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu ya presha, pampu yenyewe kuchakaa, au injekta (zinazopuliza mafuta kwenye silinda) zinazorudisha mafuta mengi kupita kiasi. Injekta hupimwa kwa njia rahisi. Kila moja unaiwekea chupa yake kwenye mdomo wa marejesho, injini inaachwa ikinguruma kwa dakika chache, kisha viwango vinalinganishwa. Inayojaza chupa haraka kuliko wenzake ndiyo mshukiwa. Usikubali kuuziwa seti nzima ya injekta kabla ya kuonyeshwa chupa hizo.

Hapa kuna onyo ambalo nalisisitiza kwa kila mwanafunzi wa gereji. Kwenye injini za pampu ya kizamani, fundi alikuwa akilegeza nati ya paipu ya nozeli injini ikiwa inawaka ili ajue ni silinda ipi iliyolala. Kwenye komoni reli usithubutu. Presha ndani ya reli injini ikifanya kazi ngumu hupita bar 1,500, na mafuta yanayotoka kwa presha hiyo hupenya ngozi bila kuacha jeraha kubwa la kuonekana. Mtu aliyepigwa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja hata kama haumwi sana, kwa sababu dizeli iliyoingia mwilini huua nyama ya mkono.

Haina nguvu, na moshi mweusi unafunika walio nyuma

Sasa mafuta yapo, hewa ndiyo haipo. Filta ya hewa kwanza. Pikapu inayoingia kwenye machimbo ya mawe au inayokwenda mashambani kwa barabara za vumbi haiwezi kufuata ratiba ya filta ya gari la mjini. Kuipiga kwa hewa ya kompresa huweza kuitoboa, na tundu dogo la filta hupitisha vumbi linalokula mapezi ya tabo na ringi za pistoni. Badilisha.

Filta ikiwa safi, sikiliza. Mluzi au mfoko unaotokea tu ukikanyaga mafuta ni mpira wa intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) uliopasuka au klipu iliyolegea. Ufa unaweza kujificha upande wa chini usiuone kwa macho. Funga njia ya hewa kwa kizibo, ingiza hewa ya kompresa taratibu, isizidi bar 1, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu litakuonyesha. Mpira mmoja uliopasuka hutoa moshi mweusi, hupunguza nguvu, huongeza ulaji wa mafuta na huwasha kodi P0299, na nimeona watu wakishauriwa tabo mpya kwa dalili hizo hizo nne.

Baada ya mipira, angalia vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Masizi yakichanganyika na mvuke wa oili huwa lami nene, na vali ikikwama wazi injini inavuta moshi mahali pa hewa. Isafishwe. Mtindo wa kuiziba kwa bati umeenea, lakini kwenye komoni reli mara nyingi kompyuta inagundua na kuwasha taa, na baada ya hapo hutaijua taa ya kosa la kweli itakapokuja. Mwisho ni tabo yenyewe. Nyingi za kisasa zina mapezi yanayojigeuza, na masizi huyagandisha. Kuyasafisha mara nyingi kunatosha.

Kwa injini ya pampu ya kizamani yenye moshi mweusi, uliza kwanza kama kuna aliyewahi kukaza skrubu ya mafuta kwenye pampu ili gari livute. Skrubu hiyo ndiyo chipu ya enzi zile, na madhara yake ni yale yale.

Moshi mweupe asubuhi

Maelezo ya kwanza utakayosikia ni baridi. Mombasa hakuna baridi hiyo. Asubuhi ya nyuzi 25, injini nzima ya dizeli haipaswi kutoa wingu jeupe hata hita plagi zikiwa dhaifu kidogo. Moshi mweupe hapa una maana nzito zaidi, nayo ni injekta inayodondosha mafuta injini ikiwa imezimwa, mgandamizo uliopungua, maji kwenye dizeli, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kama kiwango cha maji ya rejeta kinapungua bila kuvuja nje na mipira inakuwa migumu kwa presha mara tu baada ya kuwasha, tazama gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe.

Wenye Hilux ya 1KD waongeze jambo moja. Pete za shaba chini ya injekta zikianza kupitisha gesi, masizi huingia kwenye oili, oili huganda kuwa tope, na tope huziba wavu wa kufyonzea oili chini ya injini. Dalili ya mwanzo ni ugumu wa kuwaka asubuhi na mlio mkavu wa injekta. Ukiusikia, fungua na ubadilishe pete hizo mapema. Ukisubiri taa ya oili iwake, kuna uwezekano mkubwa beringi zimekwisha kula hasara.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mtuhumiwa wa kwanza ni sili za tabo. Zikivuja sana, injini inaweza kuanza kujilisha oili yake yenyewe na kunguruma kwa kasi ambayo ufunguo hauzimi. Kwenye gari la gia za mkono, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi ili injini izimike. Usiinamie boneti ikiwa katika hali hiyo.

Oili inapanda badala ya kushuka

Ukichomoa dipstiki ukakuta oili imezidi alama na inanuka dizeli, usifurahi kwamba gari halili oili. Mafuta yanaingia kwenye oili na kuipunguza nguvu ya kulainisha. Inaweza kuwa injekta. Lakini kwa pikapu mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi, sababu ni matumizi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuongezewa mafuta hadi joto lifike karibu nyuzi 600, na linahitaji mwendo wa mfululizo. Pikapu inayoishi kati ya foleni ya feri ya Likoni na msongamano wa Changamwe huanza kujisafisha, inakatizwa, inaanza tena, na mafuta ya nyongeza yanateremka kwenye oili. Mara moja kwa wiki itoe barabara ya Malindi au ya Voi, mwendo wa kutulia kwa nusu saa bila kusimama, na ubadilishe oili mapema.

Joto linapanda mlimani

Usiguse chipu wala kitu kingine mpaka hili liishe. Rejeta nyingi za Mombasa zimeuawa na maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na vya ufuoni vina chumvi, na chumvi hiyo hula alumini na kuacha magamba kwenye mirija. Tumia kipozeshi kilichotengenezwa au maji yaliyosafishwa. Toa matope kwenye mapezi ya rejeta na ya intakula, na ukague feni kama inashika injini ikipata moto.

Mafuta ya kutia

Januari 2015 kiwango cha salfa kinachoruhusiwa kwenye dizeli ya Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni. Kwa injini za komoni reli zilizoko barabarani, dizeli hiyo ikifika tangini jinsi ilivyo inafaa. Shida ni kinachoingia njiani. Mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu yalikuwa rahisi mno na yalichanganywa na dizeli. Faida ya kuchanganya ilipungua, lakini dizeli ya mitungi inayouzwa kandokando ya barabara kuu haina mtu wa kuidhamini. EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza bei za juu zinazoruhusiwa tarehe 14 ya kila mwezi, na bei ya Mombasa kwa kawaida ndiyo ya chini nchini kwa kuwa mafuta yanateremshwa hapa hapa Kipevu. Anayekuuzia chini ya hapo kwa tofauti kubwa ameitoa dizeli hiyo mahali.

Mafuta taa hayaharibu injini kwa kulipuka. Yanaharibu kwa ukavu. Pampu ya presha ya komoni reli, na hata ile ya kuzunguka kwenye 5L, hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, kwa hiyo chuma kinasuguana na chuma, chembe zinasafiri hadi kwenye injekta, na bili inakuwa ya mfumo mzima. Imani kwamba mafuta taa "yanasafisha nozeli" imegharimu watu wengi. Pua haitoshi kuyatambua. Hidromita, kipimo cha uzito wa mafuta, inasaidia kidogo. Dizeli nyingi huwa na uzito wa kilo 0.82 hadi 0.86 kwa lita kwenye joto la kipimo, na siku ya nyuzi 30 kipimo hushuka kwa kama 0.01. Ikisoma 0.80 au chini, usiimimine. Jaza kwenye kituo chenye magari mengi, omba risiti, na ukishuku, weka chupa ya sampuli siku hiyo hiyo.

Dizeli zenye viongezo vya kusafisha zina faida kwa injekta zilizo nzima, lakini hazifufui nozeli iliyochakaa. Usizinunue kama tiba.

Swali la mafuta ya kupikia huulizwa sana Pwani, kwa kuwa karai za viazi na bajia haziishi na nazi zipo. Mafuta ya nazi mabichi ni mazito mara kadhaa kuliko dizeli, na huanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi. Usiku wa Julai na Agosti Mombasa hushuka chini ya hapo, na utaamka filta ikiwa imejaa siagi. Usiyatie kwenye komoni reli kabisa. Biodizeli iliyotengenezwa ipasavyo kwa methanoli na kuoshwa ni kitu kingine, na kiwango cha Ulaya cha dizeli huruhusu hadi asilimia 7 yake. Ukizidisha, jua kwamba ina nguvu kidogo pungufu kwa kila lita, inavuta maji, na kwenye tangi kuukuu inayeyusha uchafu wa miaka na kuupeleka wote kwenye filta.

Gari ni zima, bado unataka nguvu

Hapo chipu inaweza kuzungumziwa. Kisanduku cha kuchomeka kwenye sensa ya reli hufanya kazi kwa kuidanganya kompyuta kwamba presha iko chini ili iipandishe. Ni rahisi kukiondoa, na hilo ndilo jema lake kubwa. Kuandika upya programu ya kompyuta ni bora kama aliyeiandika anajua injini hiyo, amehifadhi faili la asili na kukukabidhi nakala, na hajaondoa kikomo cha moshi, kinachozuia mafuta yasizidi hewa iliyopo. Mwulize mambo hayo matatu. Akibabaika kwa lolote, ondoka. Na bima yako iambiwe.

Kabla ya kukubali namba anazokuahidi, tazama Toyota wenyewe walichofanya. Hilux ya lita 2.8 ilipoboreshwa mwaka 2020, ya gia za kujibadilisha ilipewa nyutoni mita 500 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na ya gia za mkono ikabaki 420. Injini ni moja. Anayekuandikia 500 kwenye pikapu ya gia za mkono anapita pale waliposimama watengenezaji, na klachi itakuwa ya kwanza kukujulisha. Kwa mzigo wa Mombasa, ongezeko dogo linaloanza mapema kwenye mizunguko ya chini lina maana kuliko farasi wengi wa juu ambao hutawahi kuwafikia ukiwa umebeba saruji.

Fedha ya kwanza iende kwenye kipimo cha joto la ekzosi, kichomekwe kabla ya tabo. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, usipungue, upande kutoka Kombani hadi Kwale saa saba mchana. Sindano ikikaa chini ya nyuzi 700 mlima wote, endelea na kazi. Ikipita, punguza mguu, shuka gia moja, na urudishe gari kwa mwandishi wa programu akupunguzie mafuta.